Ngozi ya siki: tujue hesabu yake kabla ya kutia sahihi



Miezi hii, katika mikutano mingi, kuna swali moja linarudi kila mara. Vijana wanaonyesha kwenye telefoni picha za mikoba na viatu vilivyoshonwa na "ngozi" ambayo haikutoka kwa ng'ombe wala kwa mbuzi. Imeoteshwa ndani ya baseni na bakteria. Wanauliza: "Agronoma, sisi tunatupa maganda ya nanasi na ndizi zenye kuoza kila siku. Mbona na sisi hatufanye?" Wazee wengi wanajibu mbiombio: "Hiyo ni mambo ya Ulaya, mutuache tulime."

Mimi naona kila upande uko na nusu ya haki. Kitu chenyewe ni cha kweli, haiko uchawi wala uongo. Na kinaweza kuingiza feza katika koperative zetu. Lakini mulango ule wanatuonyesha kwenye telefoni sio mulango wetu. Koperative yenye kuanza na ngozi ya viatu itamaliza kese yake kabla ya kuuza hata kiatu kimoja. Yenye kuanza na siki, kisha na chakula, inaweza siku moja kufika kwenye ngozi. Nitaeleza juu ya nini nasema hivyo, na ninyi mutapima.

Kitu chenyewe ni nini?

Selulozi munaijua, hata kama hamujui jina lake. Ni ile inayofanya bua la muhindi lisimame, ni ile iko ndani ya muti, ndani ya majani, ndani ya karatasi. Pamba ni karibu selulozi tupu. Mumea unaitengeneza kutokana na sukari ambayo majani yanapika kwa mwangaza wa jua.

Sasa, kuna bakteria ndogo ambazo na zenyewe zinatengeneza selulozi. Ile yenye kujulikana zaidi inaitwa Komagataeibacter xylinus. Vitabu vya zamani vinaiita Acetobacter xylinum. Mwaka 1886, Mwingereza Adrian John Brown aliandika juu yake akichunguza siki. Alikuta juu ya siki utando muzito, wenye kuteleza, na akapima akaona kwamba utando ule ni selulozi, kitu kilekile kiko ndani ya pamba.

Utando huo hata ninyi mulishauona. Mama mwenye kusahau bido ya kasiksi au maji ya ndizi kwa majuma mengi, akifungua anakuta imekuwa kali, na pengine juu kunaelea kitu sawa ngozi nyeupe. Wengi wanakitupa wakisema kileo kimeharibika. Kumbe pale kazi mbili zimefanyika. Kwanza levire imegeuza sukari kuwa kileo. Kiisha bakteria za siki zimegeuza kileo kuwa asidi. Wakulima wa kakao wa upande wa Beni wanajua kazi hiyo vizuri: ndani ya sanduku la kuchachusha, ukigeuza kakao siku ya tatu, ule moshi mukali wenye kuchoma macho ni asidi ya bakteria za jamaa hiyohiyo.

Lakini sikilizeni vizuri: si kila bakteria ya siki inatengeneza ngozi. Zingine zinafanya siki tu, hakuna utando. Njo maana mbegu ni jambo kubwa, na nitarudi juu yake.

Bakteria hii inafanya kazi sawa mufumaji. Inakula sukari, inaiunganisha kuwa uzi mwembamba sana, na inautoa nje kupitia matundu madogo ya mwili wake. Nyuzi hizo ni nyembamba zaidi ya mara 100 kuliko nyuzi za muti zenye kuwa ndani ya karatasi. Mamilioni ya bakteria wanafuma pamoja, na vile wanapenda hewa, wanafuma juu, pale maji yanakutana na hewa. Ngozi inaongezeka unene siku kwa siku. Ukiitoa, inaonekana nzito, lakini karibu yote ni maji: katika kilo 1 ya ngozi mbichi, selulozi yenyewe haipite sana gramu 10.

Juu ya nini watu wa viwanda wanaitafuta?

Kwanza, juu ya usafi wake. Selulozi ya muti imeshikana na ile gundi ngumu ya muti yenye kuitwa lignini. Kuitenganisha kunaomba dawa kali na moto mwingi. Selulozi ya bakteria haina gundi hiyo. Unaichemsha na soda kostiki kidogo, unaisuuza, inabaki safi.

Pili, juu ya nguvu yake. Nyuzi nyembamba zenye kufumana hivyo, zikikauka zinatoa karatasi ngumu sana. Mwaka 1989 kampuni ya Japani, Sony, iliuza kaski ya kusikilizia muziki ambayo ndani yake ile ngozi ndogo yenye kutetemeka ilifanywa na selulozi ya bakteria. Sauti ilikuwa inapita ndani yake haraka karibu sawa ndani ya aluminium, lakini bila ule mulio wa chuma. Kaski moja iliuzwa dola 2,500.

Tatu, inashika maji na inaacha hewa ipite. Brazili, kufika mwisho wa miaka ya 1980, walianza kuitumia kufunika vidonda vya moto. Leo inatumiwa pia katika yale mabarakoa yenye maji ambayo wamama wa miji mikubwa wanalaza usoni kwa urembo. Watafiti wanaijaribu kwa kuchuja maji, kwa kutenganisha sehemu za ndani za batri, kwa kutengeneza mishipa ya damu ya kubadilisha ile yenye kuharibika. Na kuna ile "ngozi" ya mikoba: huko Irapuato, katika Mexiko, kampuni Polybion inalisha bakteria na mabaki ya maembe, huko Kerala, katika India, kampuni Malai inatumia maji ya nazi.

Ukisikia hayo yote, damu inachemka. Maembe yao, nazi yao, na sisi Idjwi tuko na nanasi, Kalehe tuko na kahawa, Beni tuko na kakao, na ndizi ziko kila mahali. Watafiti wa India walishaonyesha kwamba hata maganda ya kahawa yanaweza kulisha bakteria hii. Basi kizuizi kiko wapi?

Kizuizi kiko katika hesabu.

Hesabu ya bido tano

Twende polepole. Katika laboratware, na chakula kizuri, lita 1 inatoa kawaida gramu 3 mupaka 5 za selulozi kavu kwa muda wa majuma mawili hivi. Kuna wanaopata zaidi, lakini sisi, na maji ya maganda, tusijipe matumaini ya kupita hapo.

Chukua bido tano za lita 20. Ni lita 100. Baada ya majuma mawili utapata gramu 300 mupaka 500 kavu. Hata kilo 1 haitimii! Sasa hesabu kazi: kukusanya maganda, kukamua, kuchuja, kuchemsha, kungojea siku 14, kutoa, kuchemsha tena, kusuuza mara nyingi, kukausha. Kuni au makala ya kuchemshia, maji ya kusuuza, mama wawili au watatu wa kazi. Yote hiyo kwa nusu kilo.

Tena pima ngozi ya mikoba. Baseni yenye upana wa mita 1 kwa mita 1, ukiweka maji ya kina cha sentimita 5, inabeba lita 50. Itakupa gramu 150 mupaka 250 kavu, ni kipande kimoja chembamba cha mita 1. Kikikauka peke yake kinakuwa sawa karatasi ngumu, kinapasuka ukikikunja, na ukikimwangia maji kinayanywa. Ili kikuwe ngozi ya kweli, yenye kulainika na yenye kukataa mvua, kuna kazi nyingine ndefu ya mafuta na dawa, na hiyo njo siri ambayo zile kampuni zinalinda. Walitumia miaka, walitumia feza ya watu wakubwa, wako na umeme usiokatika. Sisi hatuko na hiyo leo. Kusema hivyo si kujizarau, ni kujua mahali tunasimama.

Lakini sasa geuza hesabu. Zile gramu 300 mupaka 500 kavu, kama hazijakaushwa, ni kilo 30 mupaka 50 za ngozi mbichi! Maana yake: mwenye kuuza kavu anauza gramu, mwenye kuuza mbichi anauza makilo, kazi ni ileile. Nani ananunua mbichi? Mwenye kula.

Njia ya Ufilipino

Kule Ufilipino walifahamu jambo hilo zamani. Walikuwa wanatengeneza chakula kinachoitwa nata. Ni ngozi hiyohiyo ya bakteria, inakatwa vipande vidogo vya pembe nne, inachemshwa mupaka asidi yote itoke, kisha inapikwa ndani ya maji ya sukari. Inatafunika vizuri, inalainika na kuvutika kidogo kwenye meno. Nata ya kwanza ilikuwa ya nanasi. Lakini nanasi iko na musimu wake, na mwaka 1949 mwanakemia mwanamuke wa huko, Teódula Kalaw África, alitengeneza nata ya maji ya nazi, maji ambayo yalikuwa yanamwangwa ovyo pale wanakausha nazi. Mupaka leo nata inatoka Ufilipino, Indonesia, Tailandi na Vietnam ndani ya machupa na makopo, inauzwa dunia nzima. Kazi nyingi inafanyika na jamaa ndogo, na baseni za plastiki zenye kufunikwa na magazeti.

Angalieni vizuri: hawakuanza na kaski ya dola 2,500. Walianza na kitu cha kutafuna. Mikono ya watu wengi ilizoea kazi, mbegu ikajulikana, na pale viwanda vya mabarakoa ya urembo vilitafuta ngozi ya bakteria, vilikuta watu wa Asia wenye kujua kazi wako tayari.

Kuna funzo la pili kule, na hilo ni la kuogopesha. Mwaka 1993 nata ilikuwa mutindo mukubwa Japani. Kila mutu alitaka. Ufilipino watu wengi wakaingia haraka, wakanunua baseni, wakaacha kazi zingine. Mutindo ukapita, Japani wakapunguza kununua, na wengi wakabaki na baseni tupu. Sisi wa Kivu, ambao tulishaona bei ya kahawa, ya vanila na ya kakao vile inapanda na vile inaanguka, hatuna haja ya mutu wa kutueleza maumivu hayo. Soko moja la mbali sio soko, ni kamari.

Mapendekezo yangu

Mimi ningeomba koperative yenye kutaka kujaribu ifuate ngazi tatu, na isiruke hata moja.

Ngazi ya kwanza ni siki. Siki inatengenezwa na bakteria za jamaa moja na hizi, ndani ya baseni zilezile, na maji yaleyale ya nanasi au ndizi. Lakini soko lake liko hapa: restora, hoteli, nyumba za mujini, wamama wa kachumbari. Mara nyingi siki iko kwenye rafu ya duka imetoka nje ya inchi, na mara nyingine ni maji na asidi ya kiwanda tu. Koperative yenye kushindwa kutengeneza siki ileile kila mwezi, yenye ukali uleule, ndani ya chupa safi, isitudanganye kwamba itatengeneza ngozi ya viatu. Siki njo mutihani wa kwanza.

Ngazi ya pili ni chakula cha aina ya nata, kidogo kidogo, kwa soko la mujini ambalo tunaweza kulifikia bila ndege. Huku watu hawakijui bado. Kwa hiyo tuonjeshe kwanza: kwenye arusi, kwenye fete ya masomo, ndani ya maji ya matunda. Tukiona watu wanarudi kununua, tunaongeza. Tukiona hawarudi, tumepoteza baseni mbili, hatujapoteza koperative.

Ngazi ya tatu, na hapo tu, ni kuzungumuza na viwanda na vyuo juu ya ngozi kavu na kazi zake za kisasa. Wakati huo tutakuwa na kitu cha kuweka mezani: mbegu nzuri, daftari la miaka miwili, mikono yenye kuzoea. Yule mwenye kuja atatukuta tunajua kazi, na bei itazungumuzwa kati ya watu wenye kujua.

Namna ya kujaribu, kwa lita 10 tu

Msianze na lita 1,000. Anzeni na baseni moja au mbili.

Tumieni plastiki ya chakula au chuma isiyoshika kutu. Baseni ya zinki hapana, asidi inakula zinki na inaingia ndani ya chakula. Bido yenye ilibeba dawa ya kupuliza, hata ukiisuuza mara 20, hapana kabisa.

Kamueni maji ya nanasi au maganda yaliyosafishwa, chujeni, chemsheni, acheni yapoe kabisa. Maji ya nanasi yenyewe iko na sukari karibu gramu 100 kwa lita, haiombi kuongezewa. Maji ya maganda ni mepesi zaidi, pengine yanaomba sukari kidogo. Mwangeni siki nzuri kidogo mupaka maji yakuwe na ukali, maana ukali njo unafukuza mikrobi mibaya. Kama muko na karatasi ya pH, tafuteni kati ya 4 na 5. Kisha mutie mbegu, sehemu moja kwa kumi: ni yale maji ya baseni ya zamani yenye ilishatoa ngozi nzuri. Funikeni na kitambaa safi, hewa ipite, nzi isipite. Na baada ya hapo, musiguse! Ukisukuma baseni, ngozi inazama na bakteria wanaanza kufuma upya.

Joto lenye kufaa ni kati ya digri 25 na 30. Uvira na bonde la Ruzizi, hakuna shida. Beni, inawezekana. Bukavu, na usiku wake wa baridi, itaomba chumba chenye kufungwa vizuri, na siku zitaongezeka. Wandugu wa Lubero na wa milima ya juu, mimi ningewaambia wazi: hiyo kazi si yenu, siki peke yake itawatosha.

Ukiona juu ya ngozi madoa ya kijani, ya kijivu au meusi yenye manyoya, hiyo ni kuvu. Usikwangue ukabakisha ingine. Tupa yote, ngozi na maji, osha baseni na maji ya moto. Kuvu zingine ziko na sumu ambayo haiishi hata ukichemsha.

Tena andikeni. Tarehe, joto, maji gani, mbegu gani, unene wa ngozi siku ya 14, uzito. Koperative bila daftari haijaribu kitu, inacheza.

Mambo manne ambayo sikubali

La kwanza: kidonda. Najua kutasikika kwamba Brazili wanafunika vidonda na ngozi hii, na najua vile bandeji zinakosekana katika santre zetu za afya. Lakini ile ya hopitali imetengenezwa ndani ya kiwanda chenye kusafisha kila mikrobi, na imepimwa. Ile ya baseni yetu imeishi majuma mawili na bakteria, na hatujui zote ni zipi. Kuiweka juu ya mutoto mwenye kuungua ni kumutafutia kifo. Memba mwenye kufanya hivyo, koperative imusimamishe.

La pili: mbolea ya shamba ndani ya chakula. Bakteria inahitaji azoti kidogo, na kuna watu katika dunia wanatia ile mbolea ya chumvi ya kuuzwa kwa mashamba. Mbolea ya shamba haikutengenezwa kwa kuliwa, inaweza kubeba uchafu wa metali mizito. Kama hatuna ile ya chakula, tutumie maji ya maharagwe yaliyochemshwa au tuache. Ngozi itakuwa nyembamba, lakini itakuwa ya kulika.

La tatu: kunyanganya udongo. Hapa nasema sawa agronoma. Maganda ya kahawa ni karibu 40 kwa 100 ya uzito wa kahawa mbivu, na mashamba yetu yanayangojea. Bakteria inataka zaidi sukari. Vitu vingine vingi vinabaki ndani ya makapi. Kwa hiyo kanuni iwe hii: maji yanaenda baseni, makapi yanarudi shamba, na kila memba arudishiwe makapi kwa kadiri ya alicholeta. Proje yenye kubeba maganda mazima na magari, na kuacha mashamba na njaa, ikataliwe hata kama inalipa.

La ine: kazi ya bure ya wamama. Mama mwenye kukamua, kuchemsha na kusuuza aandikwe kwenye daftari na alipwe kwa siku, sio kuambiwa angojee faida. Na soda kostiki, ambayo wamama wa sabuni wanaijua vizuri, isishikwe bila miwani na bila gla za mikono.

Kuhusu kontra

Sasa nafika pale moyo wangu uko zaidi. Siku mutu atakuja na gari safi na atawaambia: "Mimi nanunua maji yenu ya nanasi yote, kwa miaka kumi, ninyi musijisumbue na mengine." Pengine atakuwa mutu muzuri. Lakini mukumbuke. Zamani kahawa yetu ilikuwa inavuka ziwa usiku na mutumbwi, mbichi, bila kuoshwa vizuri, na wengi walizama. Bei ilipangwa ng'ambo. Pale koperative zilijenga stesheni za kuosha, kahawa ileile, ya mashamba yaleyale, ilianza kuitwa kwa jina lake na kulipwa sawa kahawa. Udongo haukubadilika, muti haukubadilika. Kilichobadilika ni nani anashika kazi ya katikati.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, muulize maswali haya. Kontra iko katika Kiswahili, na imesomwa mbele ya wanamemba wote, au imesomwa na prezida peke yake? Mbegu ya bakteria ni ya nani, na kama mununuzi akiondoka, inabaki na sisi? Vijana wetu wangapi watafundishwa kazi yote, mupaka mwisho? Tunaweza kuuza kwa mutu mwingine? Bei ikianguka, nani anabeba hasara? Kama hakuna jibu lenye kuandikwa, basi hakuna kontra, kuna ahadi tu.

Na mbegu, hata leo mukiwa na baseni moja, ilindwe sawa mbegu ya muhindi. Ikae ndani ya chupa mbili, nyumba mbili, watu wawili wenye kuwajibika. Kila mwezi inalishwa, kila mwezi inaandikwa. Mbegu nzuri ya bakteria inazaa bila mwisho na haiombi shamba. Mwenye kuiuza kwa bei ya bia moja atainunua tena kwa bei ya ng'ombe.

Kuna wandugu watasema nazuia maendeleo, kwamba dunia inakimbia na sisi tunapewa siki. Nawajibu: baseni moja ya siki yenye kuuzwa Bukavu kila juma inafundisha usafi, daftari, bei na uaminifu. Hivyo vine njo vinakosekana mara nyingi pale proje zetu zinakufa, sio bakteria. Na kwa wazee wenye kusema ni mambo ya Ulaya, nawaambia kwa heshima: ile ngozi nyeupe juu ya kasiksi yenye kusahauliwa ilikuwa kwetu hata kabla ya yule Mwingereza kuandika. Tulikuwa tunaitupa tu.

Katika mukutano wenu wenye kuja, naomba muweke jambo moja kwenye programu: baseni mbili, lita 10, mama wawili na kijana mumoja wenye daftari, miezi sita. Feza ya kese isipite pale. Baada ya miezi sita, siki na daftari viletwe mbele ya wote, muonje, musome, mupige kura. Kama kura inasema hapana, mutakuwa mumejua. Kama inasema ndiyo, mutakuwa na kitu mukononi siku ile gari safi litafika.